Jinsi ya kulielewa neno "run" la Kiingereza bila kukimbilia "kukimbia"

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba "run" ni kukimbia. Si uongo. Ila ukishatoka darasani ukaingia ofisini, hospitalini, benki au mahakamani, maana hiyo utakutana nayo mara chache tu. Wenye Kiingereza chao hulitumia neno hilohilo kwa pua inayotoka kamasi, kwa treni, kwa mkataba wa nyumba, kwa rangi ya nguo, kwa programu ya kompyuta na kwa mgombea urais.

Wahariri wa kamusi ya Oxford English Dictionary walipolipitia upya neno hili na kutoa matokeo yao mwaka 2011, walihesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Katika toleo la 1989, lile la juzuu 20, neno lililokuwa limejaza kurasa nyingi kuliko yote ni "set". Sasa "run" limelipita.

Usitishwe na hesabu hiyo. Hakuna Mwingereza aliyezikariri maana 645, na wewe huna haja. Tayari unaifanya kazi hii kila siku kwa Kiswahili: unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga kura, unapiga chafya, unapiga deki, na hakuna aliyeumizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika sana na "piga" mpaka aache kulitazama lenyewe na aanze kutazama neno linalolifuata. Dawa ya "run" ni hiyohiyo, na hatua zinazofuata zinakuonyesha pa kutazama.

Hatua ya 1: Badilisha wazo la msingi

Badala ya picha ya mtu anayetimua mbio, weka kichwani wazo la kitu kinachokwenda bila kukatika. Neno hili tangu zamani lilihusu pia maji yanayotiririka. Ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", hadi leo maana yake ni kuchuruzika. Mashine zilipokuja, Waingereza walizitazama zikizunguka mfululizo wakaliazima neno lilelile. Nasi tulifanya jambo la karibu na hilo tuliposema saa inatembea au gari halitembei, ingawa saa haina miguu.

Ukilishika wazo hilo, sentensi nyingi zinafunguka zenyewe. "The engine is running", injini inaunguruma, imewashwa. "The tap is running", bomba linatoka maji. "The buses run every ten minutes", mabasi yanapita kila baada ya dakika kumi. "The road runs from Nairobi to Mombasa", barabara inatoka Nairobi hadi Mombasa, na yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Hatua ya 2: Uliza nani au nini ndiye mtendaji

Kabla hujatafsiri, rudi nyuma ya kitenzi umtazame mwenye kutenda. Akiwa binadamu au mnyama, na baada ya "run" hakuna kitu kingine isipokuwa mahali au namna, kukimbia kunawezekana: "The boy ran to school." Akiwa kitu kisicho na miguu, sahau kukimbia kabisa.

Kwenye lebo ya nguo mpya utaona onyo kwamba "colours may run". Maana yake nguo itatoa rangi, kwa hiyo usiifue pamoja na shati jeupe. Usichanganye na kuchuja. Kanga iliyochuja imepauka yenyewe, na Kiingereza cha hapo ni "fade". Kanga inayotoa rangi inachafua na majirani zake kwenye beseni. Hiyo ndiyo "run". Kwa mtu anayeuza vitenge mtandaoni kwa wateja wa nje, tofauti hiyo ni ya fedha, kwa sababu mteja aliyeahidiwa kwamba kitambaa hakichuji bado anaweza kurudi akilia kwamba kimemharibia mashuka.

Tangazo la nyumba likisema ina "running water", linamaanisha maji ya bomba ndani ya nyumba, wala si mto unaopita uani.

Mkataba nao una mwendo wake. "The lease runs for 12 months": mkataba wa kupanga ni wa miezi 12. Mahakamani ndiko neno hili linakobeba uzito mkubwa kuliko kote. Mtu akihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kila kosa kati ya makosa matatu, sikiliza kwa makini sentensi inayofuata. Hakimu akisema "the sentences shall run concurrently", adhabu zinakwenda pamoja, naye atatumikia miaka 10. Akisema "consecutively", adhabu zinafuatana moja baada ya nyingine, na hapo ni miaka 30. Kitenzi ni kilekile, tofauti yote imo katika neno linalokifuata. Mkalimani wa mahakama asiyelijua hili hafai kupewa kazi hiyo, na nalisema bila kupepesa macho.

Hatua ya 3: Tazama kinachofuata mara baada ya kitenzi

Kikifuata kitu kinachotendwa, kitu hicho ndicho kitakachokuchagulia kitenzi cha Kiswahili. Ukiona duka, shule, kampuni au hoteli, maana ni kuendesha au kusimamia: "She runs a pharmacy", yeye ndiye anayeendesha duka la dawa. Kikiwa kipimo, "run a test", ni kufanya kipimo. Gazeti likiwa mtendaji na habari ikiwa kitu, "the paper ran the story", gazeti lilichapisha habari hiyo. Kwenye kompyuta, "run the program", fungua programu ifanye kazi. Na ukiletewa maneno "Run as administrator", unaombwa uifungue kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Mengine ya kushika: "run a red light" ni kupita taa nyekundu. "Run an errand" ni kutumwa, au kwenda kushughulikia jambo dogo kama kununua vocha au kupeleka barua. "Run a bath" ni kujaza maji ya kuoga. "Run a risk" ni kujiweka hatarini.

Ikifuata sifa badala ya kitu, "run" inageuka kuwa kama "kuwa" au "kuanza kuwa". "The well ran dry", kisima kilikauka. "We are running low on fuel", mafuta yanakaribia kutuishia. "I'm running late", nachelewa. Hii ya mwisho wengi huitafsiri kwamba mtu anakimbia kwa kuwa amechelewa. Anaweza kuwa amekaa kwenye foleni ya magari, hata hajanyanyua mguu.

Hospitalini, hasa kwa ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani, maswali manne hujirudia. "Is your nose running?", je, pua inatoka kamasi? "Are you running a temperature?", una homa? "Does diabetes run in the family?", kuna watu wenye kisukari katika ukoo wenu? Na la nne, linalosemwa kwa sauti ya chini: "Have you had the runs?", umekuwa ukiharisha? Huyo nesi hakuulizi habari za mazoezi. Ukimjibu kwamba ulikimbia jana asubuhi, ataandika jambo ambalo hukulikusudia kwenye faili lako. Ukipeleka mzazi ambaye Kiingereza chake ni kidogo, mfundishe maswali haya manne kabla hamjatoka nyumbani.

Hatua ya 4: Usikiache kijineno kinachofuata

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo penda kupasoma polepole. Kiingereza huunganisha kitenzi na kijineno kama "out", "into" au "over", na muungano huo huzaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kutafsiri kimoja kimoja. Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi tuna viambishi ndani ya kitenzi, tunasema kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kwa hiyo macho yetu yamezoea kutazama ndani ya neno. Kwa Kiingereza lazima uyazoeshe kutazama pembeni yake.

Anza na "run out". "We have run out of sugar", sukari imetuishia. Ona jinsi mtendaji alivyohama: kwa Kiingereza ni sisi, kwa Kiswahili ni sukari. Ukisema "the sugar has run out", hapo lugha zote mbili zinakubaliana kwamba sukari imeisha. "My visa runs out in June", viza yangu inaisha muda mwezi Juni. Lakini likiongezeka "on" pamoja na watu, mambo yanageuka kuwa mazito: "He ran out on his family", aliitelekeza familia yake.

"Run into" ina maana kadhaa, na kinachozitenganisha ni kile unachokutana nacho. Akiwa mtu unayemjua, mmekutana kwa bahati: "I ran into your uncle at Kariakoo." Kikiwa mti, ukuta au gari jingine, umekigonga. Zikiwa fedha, "the cost ran into millions", gharama imefika mamilioni. Kuna sentensi chache ambazo zinaweza kusomwa kwa namna mbili, kwa mfano mwendesha gari aliye-"run into" rafiki yake, na hapo hata Waingereza wenyewe huuliza.

"Run over" kwa gari ni kumgonga au kumkanyaga mtu au mnyama. Kwa kikao ni kupitiliza muda. Kwa hotuba au hoja ni kuzipitia haraka, karibu sawa na "run through".

"Run down" ni pana zaidi. Betri imeisha nguvu. Nyumba ni chakavu. Mtu anayesema "I feel run down" amechoka, mwili hauna nguvu, pengine anaumwa bila kujua. Ukimsikia mtu akim-"run down" mwenzake, anamponda, anamsema vibaya. Likiandikwa pamoja, "rundown", huwa ni muhtasari: "Give me a rundown of the meeting."

"Run up" kwa fedha ni kulimbikiza deni. "The run-up to the election" ni kipindi cha kuelekea uchaguzi. "Run off" ni kukimbia, na kwenye mashine ni kutoa nakala. "Run away" ni kutoroka. "Run on" huonyesha kinachokipa kitu nguvu: "The generator runs on diesel", jenereta linatumia dizeli.

Kisha "by", ambayo hukamata hata wasomi. "The clinic is run by nuns", zahanati inaendeshwa na masista. Lakini "run it by the nuns" ni kuwapelekea masista jambo walione na kutoa maoni kabla halijapitishwa. Namna ya kutofautisha ni kutazama mbele ya "run": ukikuta "is", "are" au "was", ni kuendeshwa. Ukikuta kitu kimekaa katikati ya "run" na "by", ni kuomba maoni.

Hatua ya 5: Angalia kama ni nomino

Ukiona "a run" au "the run", umetoka kwenye vitenzi. Katika kriketi "a run" ni pointi moja. Kwa wafugaji, "chicken run" ni uwanja uliozungushiwa wavu ambamo kuku hutembea. Kwa wachapishaji, "print run" ni idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja. "A dry run" ni jaribio kabla ya shughuli yenyewe. "On the run" ni mtu anayesakwa na polisi. "In the long run" ni hatimaye, baada ya muda mrefu. "Runner-up" ni mshindi wa pili.

Ya benki inastahili kusemwa zaidi. "A run on the bank" ni pale wateja wanapopoteza imani kwa pamoja na kuikimbilia benki kutoa fedha zao. Septemba 2007 wateja wa Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni nje ya matawi, na picha zao zikazunguka dunia nzima. Machi 2023 ilikuwa zamu ya Silicon Valley Bank huko Marekani, na safari hii foleni zilikuwa kwenye simu na kompyuta: wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Ukisoma "bank run" kwenye habari za uchumi ukatafsiri kwamba benki inaendeshwa vizuri, utakuwa umeigeuza habari kichwa chini.

Hatua ya 6: Kwenye siasa, jua uko nchi gani

Wamarekani husema "run for president". Waingereza kwa kawaida husema "stand", kusimama. Magazeti ya Kenya yana lao, "vie". Sisi tunagombea. Yote ni jambo moja, ila ukiandika kwa msomaji wa London "he is running for Parliament" ataelewa, lakini atahisi mwandishi anaelekea upande wa Marekani.

"Running mate" ni mgombea mwenza. Samia Suluhu Hassan alikuwa mgombea mwenza wa John Magufuli mwaka 2015 na 2020. "Run unopposed" ni kugombea bila mpinzani, ambako kwetu Tanzania, kabla ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024, kuliishia kwenye kupita bila kupingwa.

Halafu kuna maneno mawili ambayo watangazaji wetu huyachanganya, "run-off" na "rerun". "Run-off" ni duru ya pili. Kwa Kenya, mgombea urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana mtu wa hivyo, wawili wa juu wanarudi ulingoni, na hiyo ndiyo "run-off". Kilichotokea mwaka 2017 hakikuwa hicho. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8, na wananchi wakapiga kura upya Oktoba 26. Huo ni uchaguzi wa marudio, "rerun". Katika duru ya pili kura za mwanzo zilikuwa halali lakini hazikutosha. Katika marudio zimefutwa. Mtangazaji akiyachanganya, anawaambia wasikilizaji jambo kubwa ambalo halikutokea.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye ujumbe halisi

Chukua ujumbe wa aina hii, ambao mfanyakazi yeyote anaweza kuupata asubuhi:

"I'm running late. Please run the March report, run the figures by Finance, and check if we are running low on toner. The meeting may run over, so don't book anything for 11."

Pitia taratibu. "Running late": sifa imefuata, kwa hiyo bosi anachelewa. "Run the March report": ripoti ni kitu cha kwenye mfumo, kwa hiyo itoe. "Run the figures by Finance": kitu kimekaa katikati ya "run" na "by", kwa hiyo wapelekee watu wa fedha takwimu wazione kwanza. "Running low on toner": sifa tena, wino wa printa unakaribia kuisha. "May run over": mtendaji ni kikao, basi kinaweza kupitiliza muda. Neno limetokea mara tano na hakuna mtu aliyekimbia. Fanya zoezi hili kwa barua pepe zako mwenyewe wiki moja, uone jinsi jicho litakavyozoea.

Hatua ya 8: Unapotaka kulitumia wewe

Kuelewa ni nusu ya kazi. Tukianza kusema, kukimbia kwetu hutuponza, kwa sababu Kiswahili nacho kina maana zake ambazo Kiingereza hakizikubali.

Mtu aliyekimbia nchi kwa sababu ya vita hatakiwi kuandika "I ran my country". Hiyo inamaanisha aliitawala. Aseme "I fled my country". Katika fomu ya kuomba hifadhi, kosa hilo si la kuchekwa hata kidogo. Vivyo hivyo kukimbia shule: "she ran the school" ni mwalimu mkuu, "she ran away from school" ni mtoro.

Wakati ukikimbia, kwa Kiingereza unaruka: "time flies". Mgonjwa aliyekimbizwa hospitali ni "rushed to hospital". Mbunge aliyekimbia swali ni "dodged the question". Ila ukimwambia mtu "I have to run", hapo umepatia, ni sawasawa na kumwambia acha nikimbie, na wala hutarajiwi kuondoka mbio.

Angalia pia umbo. Leo ni "run", jana ni "ran", na baada ya "have" au "has" ni "run" tena. "We have ran out of bread" utaisikia sana, hata kwa wazungumzaji wazawa mitaani, lakini kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi itahesabiwa kuwa kosa. "Running" ina n mbili.

Na kwa anayenunua gari lililotumika kutoka nje: kwa Kiswahili gari linalokimbia ni lenye kasi, bali "it runs well" kwenye tangazo linazungumzia injini kuwa nzima tu, halisemi lolote kuhusu kasi. Ukikuta muuzaji wa Uingereza ameandika "non-runner", gari ni bovu, haliwaki, na utalipia kulivuta kuanzia mlangoni kwake mpaka melini. Swali la kumuuliza kabla ya kutuma fedha ni "Does it start and run?", na mwambie akutumie video likiwa limewashwa.